Kamera na Kauli ya Wenye Mji

Mji wa Lushoto umejengwa katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na mgeni ayaonapo majengo waliyoyaacha aweza kudhani kwamba historia ya mahali hapo ilianza nao. Sivyo. Usambara ilikuwa na dola yake, yenye makao Vuga, ambako Kimweri ye Nyumbai alitawala hadi alipofariki mwaka 1862. Sehemu kubwa ya habari za milima hiyo imo vifuani mwa wazee, na kila mzee azikwapo huzikwa na sehemu yake.

Kwa sababu hiyo twaziona filamu za kumbukumbu kuwa chombo chenye manufaa. Maandishi huhifadhi neno; filamu huhifadhi pia sauti, lafudhi ya Kishambaa, mkono unaoelekezwa kilimani, na kimya cha msemaji afikapo penye jambo zito. Lakini yatupasa kujiuliza: je, kila kilichopigwa picha kimehifadhiwa?

Usambara yenyewe yatupa funzo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika, na makao ya kazi hiyo yalikuwa Vugiri, katika milima hiyo hiyo. Waafrika walionekana katika picha, lakini shabaha ya mafunzo iliamuliwa na wengine. Kuonekana ni jambo moja. Kusikilizwa ni jambo jingine.

Tusidhani kwamba kosa hilo liliondoka na mkoloni. Mtengeneza filamu afikapo mjini leo huelekezwa kwa mzee mwenye jina, ajuaye kusimulia habari za Mbegha, mwindaji asemwaye kuwa ndiye aliyeanzisha utawala wa Wakilindi. Ni vema amsikilize. Lakini je, ni nani atakayemwuliza mkulima ambaye mama yake alilazimishwa kuchimba matuta katika miaka ya 1950? Mpango ule wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulipingwa vikali na wakulima, na machifu walitakiwa na serikali ya kikoloni kuusimamia. Hivyo mjukuu wa chifu na mjukuu wa mkulima wana kumbukumbu mbili za mlima mmoja.

Wako watakaosema kwamba kuzionyesha zote mbili ni kufukua ugomvi na kudhoofisha umoja. Sisi hatukubali. Umoja unaodai upande mmoja unyamaze si umoja, bali ni subira ya walionyimwa nafasi ya kusema. Taifa lililokomaa laweza kusikia watoto wake wakihitilafiana juu ya jana, na bado wakalima pamoja kesho.

Basi haki yadai mambo mawili. Kwanza, filamu ionyeshwe kwa wenye mji kabla haijakamilika, ili wapate kuisahihisha. Pili, nakala yake ibaki kwao, shuleni na maktabani, na inakiliwe upya kila mitambo inapobadilika. Kwani filamu isiyo na chombo cha kuionyesha ni bubu kama kaburi.

Nanyi walimu, msiwaonyeshe wanafunzi filamu kama hiyo na kuwauliza tu wameona nini. Waulizeni pia: ni nani ambaye hatukumsikia? Kisha watumeni nyumbani wakamtafute, angali hai.