Hisani Iliyotangulia Kitanzi

Wajukuu zangu, mnaposimuliwa jinsi Uchagga ulivyotawaliwa, mnatajiwa bunduki na kitanzi. Vilikuwepo kweli, lakini vilikuja mwishoni. Kilichotangulia ni hisani, na hiyo ndiyo ninayotaka muielewe mngali vijana.

Mtawala wa Old Moshi, Mangi Rindi, yule ambaye wageni walimwita Mandara, hakuwa mtu wa kudanganywa kwa shanga. Alijua kupokea watu: wafanyabiashara wa pwani, wamisionari, Waingereza. Mwaka 1885 Mathews, jenerali wa Sultani wa Zanzibar, alipita akigawa bendera. Punde baadaye akaja Mjerumani Jühlke, naye akapata mkataba wake. Rindi aliwakaribisha wote, na katika kila mgeni alitafuta jambo moja: nani atanisaidia nimshinde Mangi Sina wa Kibosho?

Hapo ndipo nataka mpaangalie vizuri. Mjerumani hakuleta ugomvi mlimani Kilimanjaro, aliukuta. Moshi na Kibosho walikuwa wakinyang'anyana ng'ombe na watu kwa miaka mingi, ilhali mtu angeweza kuchukua jani la isale akavuka mto kuomba amani. Mgeni alisikiliza tu malalamiko, akampa Rindi heshima aliyoitamani, hata wajumbe wake wakapokewa Berlin mwaka 1889. Februari 1891 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoishambulia Kibosho, wapiganaji wa Moshi walikuwa upande wake. Sina akavunjwa nguvu. Adui wa Moshi alianguka, na pamoja naye ikaanguka ngome imara kuliko zote ambayo ingeweza kumzuia mgeni.

Rindi alifariki mwaka huohuo. Mwanawe, Meli, aliuona mtego, na mwaka 1892 aliwashinda Wajerumani vitani. Kamanda wao, von Bülow, akafa. Ushindi ule tunaujivunia, na ni haki yetu. Lakini mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa chini ya von Schele, na Meli hakuwa na Kibosho imara ya kusimama naye. Baba yake alikuwa amesaidia kuibomoa.

Kisha ikaja zamu ya Mangi Marealle wa Marangu. Yeye ndiye aliyependwa kuliko wote: aliinuliwa, akaongezewa mamlaka juu ya wamangi wenzake, na neno lake likasikilizwa bomani kwa Wajerumani. Sitaki mumtukane; aliwatafutia watu wake usalama kwa njia aliyoiona. Lakini habari alizozipeleka bomani kuhusu wenzake ziliwafikisha kitanzini. Tarehe 2 Machi 1900, watu 19 walinyongwa Old Moshi. Alikuwemo Meli mwana wa Rindi. Alikuwemo pia Molelia mwana wa Sina. Watoto wa mahasimu wawili walikufa siku moja, kwa mkono uleule ambao mmoja wa baba zao aliuita umsaidie. Kichwa cha Meli kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Marealle naye hisani ilimwishia; miaka michache baadaye alikimbilia upande wa Waingereza.

Siwaambii mkatae wageni. Shule na hospitali nyingi tulizopata zilikuja na wageni, na kahawa pia. Ninachowaomba ni kumtazama mfadhili anayekuja akiwa anajua tayari majina ya mnaogombana nao. Nimeona kihamba, shamba la ukoo, kikiuzwa kwa mtu wa mbali kwa sababu ndugu wawili hawakutaka kuzungumza, kila mmoja akafurahi kwamba mwenzake amekosa. Nimeona vijana wakipewa pikipiki na fulana ili wawazomee vijana wa kata ya pili, ambao mama zao wanauza ndizi pamoja sokoni.

Kwa hiyo, yeyote kati yenu aliye na kesi na jirani ya mpaka au ya mfereji wa maji, asisubiri mfadhili. Achukue isale, aende kwa jirani yake wiki hii.