Malaika Alikuja na Mkate

Andiko: 1 Wafalme 19:1–18



Eliya ametoka Mlima Karmeli. Moto umeshuka, manabii wa Baali wameaibika, mvua imenyesha. Ungedhani sura inayofuata ni ya sherehe. Lakini Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa vitisho, na mtu wa Mungu anakimbia mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Mpendwa, huyo si mpagani. Huyo ni nabii aliyeomba, moto ukashuka! Basi mtu asikwambie kwamba umelemewa moyoni kwa sababu hujaokoka vizuri. Kuna mtu huinua mikono kanisani Jumapili, na usiku halali: karo, mkopo wa simu, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyezikwa. Ukimwuliza, anajibu, "Niko sawa, Mungu ni mwema." Mungu ni mwema kweli, lakini yeye hayuko sawa.

Sasa angalia Mungu alivyofanya. Hakumkemea. Hakumwagiza aanze maombi ya mkesha. Alimtuma malaika, na kichwani pa Eliya pakawa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwamsha ale, kwa kuwa safari bado ilikuwa ndefu. Mungu anajua kwamba mwili uliochoka huilemea roho. Kwa hiyo ukienda hospitali na daktari akakupa dawa, hujamkana Yesu. Hata Eliya alihudumiwa mwili kwanza.

Pili, Mungu alimsikiliza. Kule Horebu alimwuliza mara mbili anafanya nini pale, na mara zote mbili Eliya alimwaga malalamiko yaleyale. Mungu hakusema, "Hayo nimeshasikia." Mwambie Yeye, hata kama ni yale ya jana.

Tatu, Mungu aliufichua uongo. Eliya alisema amebaki peke yake. Mungu akamwonyesha watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti, kisha akampa Elisha. Umeona? Alilala chini ya mti akiwa amemwacha mwenzake, akainuka kwenda kutafuta mwenzake. Mzigo wa moyo hupenda upweke. Ukifichwa, hukua.

Kwa miaka mingi hapa Kenya, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imemwona kuwa mtu wa kusaidiwa, sisi tulionunuliwa kwa damu tutamnyooshea kidole?

Wiki hii, ukiwa umelemewa, mwambie mtu mmoja ukweli: mchungaji, dada wa ushirika wa nyumbani, au daktari. Usingoje Jumapili. Na wewe uliye na nguvu, usipeleke mahubiri kwa aliye chini ya mretemu. Peleka chakula, keti naye.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyewaita wanaosumbuka na wenye mizigo, tunakuletea hofu zetu na usiku wetu. Tuguse, tuamshe, tulishe. Mwondolee ndugu yetu wazo la kufa, na umpe mtu wa kutembea naye. Katika jina la Yesu, Amina.