Wanangu, Sayansi Si ya Kukariri

Wanangu, nawasikia usiku mkikariri majibu ya mitihani iliyopita, neno kwa neno. Mtihani mtafaulu. Lakini mkidhani hiyo ndiyo sayansi, mtakuwa mmepunjwa, nami sitaki mpunjwe.

John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1859, alianzisha shule ya watoto katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Humo watoto walipewa pamba mbichi na sufu ya kondoo, wazichambue kwa mikono yao. Kundi moja lilikaa nusu saa likitenganisha pamba na mbegu zake kwa vidole, na walichopata hakikufika hata wakia moja. Wakatambua kwa nini mababu zao walivaa zaidi sufu kuliko pamba! Kisha wakalinganisha nyuzi zenyewe: za pamba ni fupi na laini, za sufu ni ndefu na zinakwaruza, ndiyo maana zinashikana upesi zikisokotwa. Mwalimu alikuwapo, akiwasaidia kwa maswali na vidokezo.

Kwa Dewey, wazo ni chombo cha kazi. Umekwama, unabuni njia, unaijaribu, na matokeo yanaamua. Hata jibu lililofaulu leo liwe tayari kurekebishwa kesho. Wapo waliompinga vikali, mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell akiwa mmojawao, wakiona kwamba anaushusha ukweli hadi kuwa manufaa tu. Mimi naona Dewey alidai zaidi ya hapo: jibu linalomfaa mmoja na kuwaumiza wengine bado halijatatua kitu.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike. Dewey, aliyefariki mwaka 1952, aliziona vita kuu mbili za dunia. Alisikitika kwamba binadamu hutumia sayansi kuunda mashine, lakini akifika kwenye haki, elimu na kazi za watu hurudi kwenye mazoea na amri za wakubwa. Alitaka mambo hayo nayo yachunguzwe kwa ushahidi, na wanaoguswa nayo washirikishwe.

Basi mkikuta maji ya mtaani yamechafuka, msiishie kutaja fomula yake. Ulizeni nani wanaugua, nini kimeshajaribiwa, na nani atanufaika na dawa itakayopendekezwa. Kisha andikeni mlichokiona, hata kama kinapingana na mlichokuwa mkikiamini.