Je, Mkuu wa Nchi Aweza Kumfukuza Mtumishi Bila Kumsikiliza?

Mwulizaji mmoja wa Rwamishenye, Bukoba, ametuletea swali linalofaa kujibiwe mbele ya wote. Anauliza: Je, ni haki Rais awe na uwezo wa kumfukuza mtumishi wa Serikali aliyeajiriwa kwa elimu yake na kuitumikia nchi miaka mingi?

Kwa watu wa Kagera swali hili si la vitabuni. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, watu wasiopungua 17 wakafa, na nyumba nyingi zikabomoka. Michango ikatoka pande zote. Kabla mwezi ule haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na wa Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba. Walituhumiwa kwamba ilifunguliwa akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya maafa, ili fedha za waathirika zichepushwe. Siku chache baadaye walifikishwa mahakamani. Si ajabu kama aliyekuwa akilala nje alifurahi kusikia kwamba majipu yametumbuliwa.

Lakini yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani cheo na kazi.

Cheo cha kuteuliwa ni amana. Aliyeikabidhi, akiona imo hatarini, aweza kuiondoa mikononi mwa mtu siku ile ile. Watu wa Kufa walipomlalamikia gavana wao, Sa'd bin Abi Waqqas r.a., Hadhrat Umar r.a. alimwondoa. Lakini hakuishia hapo. Alisikiliza maelezo ya Sa'd mwenyewe, kisha akatuma watu kuuliza habari zake msikiti kwa msikiti. Na Umar alipokuwa karibu kufa, alimtaja Sa'd miongoni mwa watu sita wanaostahili Ukhalifa, akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiana. Cheo kiliondoka, jina jema likabaki.

Ama kazi, hiyo ni jambo jingine. Mwalimu, mganga na bwana shamba hawakupewa kazi kwa hisani ya mtu. Walisoma, wakaajiriwa kwa masharti, na riziki ya watoto wao imefungamana na masharti hayo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, katika kifungu cha 23, inataka mtumishi asifukuzwe mpaka asomewe mashtaka ya nidhamu, apewe nafasi ya kujitetea, na uchunguzi ufanywe. Lakini kifungu cha 24 kinamruhusu Rais kumwondoa mtumishi yeyote akiona ni kwa manufaa ya umma. Tena sheria hiyo hiyo imemweka Rais kuwa mwisho wa rufaa za nidhamu katika utumishi. Basi akianza yeye kufukuza, aliyefukuzwa atamlilia nani?

Mahakama Kuu ya Tanzania iliwahi kuliona jambo hili. Katika kesi ya James Gwagilo, iliyomo katika taarifa za hukumu za mwaka 1994, Jaji Mwalusanya alishikilia kwamba hata anayeondolewa kwa manufaa ya umma anastahili kuambiwa sababu. Kwa maana asiyeambiwa sababu hawezi kujitetea, na nafsi yake haiwezi hata kutubu.

Huenda mtu akasema: "Mwizi atajificha nyuma ya taratibu hizo." Hoja hii ina uzito. Anayelala chini ya turubai hawezi kungoja miaka. Lakini mkono wa mwizi waweza kuzuiwa leo kwa kumsimamisha kazi, na hukumu ikaja baada ya kusikilizwa. Haraka ya kuzuia madhara ni wajibu, bali haraka ya kuhukumu ni hatari. Katika uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, watumishi walioishia darasa la saba waliondolewa kazini. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza warudishwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, kwani walipoajiriwa hawakutakiwa kuwa na cheti cha kidato cha nne. Wangaliulizwa kwanza, wasingalikaa miezi bila mshahara.

Tena liko dhara linalomrudia mtawala mwenyewe. Mtumishi anayeweza kufukuzwa kwa neno moja hatamwambia mkubwa wake neno chungu. Atamwandikia yale yanayompendeza, na mtawala atabaki bila macho.

Mtume Mtukufu s.a.w. alipomtuma Hadhrat Ali r.a. kuwa kadhi Yemen, alimfundisha asiamue baina ya wawili mpaka amemsikia wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Wahenga wetu nao walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Walieleza jinsi watu walivyo, Mtume s.a.w. alifundisha jinsi tupaswavyo kuwa.

Basi jibu letu ni hili: Rais na awe na uwezo wa kuondoa cheo alichokitoa, na wa kumsimamisha anayetuhumiwa. Lakini riziki ya mtumishi na jina lake si mali ya Rais, wala si mali ya mtu yeyote. Visiguswe mpaka asikilizwe, aambiwe sababu, na apate wa kumkatia rufaa asiye yule aliyemfukuza.

Nawe, ndugu msomaji, usidhani maneno haya ni ya wakubwa tu. Wengi wenu mlipoanza kuichunguza dini, jamaa zenu waliwahukumu kabla hamjafungua kinywa. Mnajua uchungu wake. Basi siku mtakaposikia redioni kwamba fulani ameondolewa, msiharakishe kushangilia. Na siku mtakapotaka kumfukuza mtumishi wa nyumbani kwa kijiko kilichopotea, mwiteni kwanza, aketi, aseme.

Mwenyezi Mungu atujalie kuhukumu kama tunavyopenda kuhukumiwa. Amin.