MTOTO AOMBEWE, TENA ALISHWE

Somo: Marko 5:35-43



Yesu alipomfufua binti ya Yairo, hakuishia hapo. Aliagiza mtoto apewe chakula. Yeye aliyeshinda kifo hakudharau sahani.

Sisi mashemasi tunaungama mbele yenu. Mama mmoja alituletea mtoto mwenye miguu ya kuvimba na nywele nyekundu. Tulisema amelogwa, tukamwekea mikono, tukamrudisha nyumbani. Hatukuuliza anakula nini. Kumbe ilikuwa bwaki: bugali ya muhogo kila siku, bila maharagi, bila ndagala. Mtoto yule tulimzika.

Uchunguzi wa 2013-2014 katika inchi yetu ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Je, wote hao wamelogwa?

Basi tushike haya. Mtoto anyonye tu miezi 6, hata maji asipewe. Kisha aongezewe uji wa mahindi, mtama na soja, akiendelea kunyonya hata miaka 2. Mama mwenye mimba ale sombe, karanga na yai. Wababa, tusijiwekee nyama yote! Kila siku ya posho wamama wakutane kanisani, kila mmoja na kopo lake la unga ao soja, wapikie watoto pamoja. Mtoto anayevimba apelekwe kituo cha afya siku ile ile, nasi tutamwombea njiani.

Bwana atusamehe, atubariki. Amina.