JINA LA FUNDI NI USHAHIDI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.



Kijana mmoja wa hapa Bukavu aliningoja nje ya msikiti akaniuliza swali ambalo sikulijibu siku ile. Amesoma ufundi wa umeme, diploma ya serikali anayo, na amefanya kazi zaidi ya miaka mitatu chini ya fundi mzee. Wenzake wanamshauri aandike kibao na kuonyesha picha za kazi zake kwenye telefoni ili watu wamjue. Yeye anaogopa. Alisikia katika darsa ile hadithi ya Abu Huraira, iliyo katika Sahihi Muslim, ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama: aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha, na aliyetoa mali. Kila mmoja ataambiwa kuwa alifanya ili asemwe vizuri, na watu wamekwisha kumsema. Kisha ataburutwa motoni. "Ustadhi," akaniambia, "nikiandika jina langu ukutani, si ndiyo hiyohiyo?"

Ningeweza kumsifu kwa unyenyekevu wake nikaenda zangu. Lakini katika mtaa uleule yuko mtu ambaye hakusoma umeme popote, naye amepachika kibao kikubwa: INJENIA. Huyo ndiye anayeitwa na watu. Wewe unayekaa Kadutu unajua maana yake. Nyumba za mbao zimeshikana ukuta kwa ukuta, na waya mmoja uliofungwa vibaya hauunguzi nyumba moja. Nani aliyempa mtu yule nafasi? Ujinga wetu sisi tunaomwita, ndiyo, lakini pia ukimya wa yule anayejua.

Basi tuangalie dini imesema nini. Katika Sura An-Najm, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anatukataza kuzitakasa nafsi zetu, kwa kuwa Yeye ndiye anayemjua mcha Mungu. Na katika Sura Yusuf, aya ya 55, Nabii Yusuf (A.S.) anamwomba mfalme amsimamishe juu ya hazina za nchi, na anajitaja mwenyewe kuwa ni mlinzi na mjuzi. Je, Nabii amefanya lililokatazwa? Hasha. Ucha Mungu uko moyoni, na hakuna kiumbe awezaye kuupima. Ufundi uko mkononi, na jirani anaupima jioni anapowasha taa.

Lakini soma sura ile tangu nyuma, usiikate katikati. Kabla Yusuf hajasema neno juu yake mwenyewe, wafungwa wawili walikuwa wamemwambia kuwa wanamwona ni katika watu wema. Pale gerezani hapakuwa na malipo wala cheo. Baadaye akaifasiri ndoto ya mfalme, akaongeza na njia ya kuhifadhi nafaka. Mfalme alipomwita, alikataa kutoka mpaka ile kesi ya wanawake ichunguzwe. Alitaka jina lake lisafishwe kwanza. Kisha mfalme mwenyewe akamtangaza kuwa mtu mwenye daraja na mwaminifu. Hapo ndipo Yusuf akafungua kinywa. Al-Qurtubi katika tafsiri yake anatukumbusha kuwa hakujitaja kwa nasaba, ingawa baba yake na babu zake ni Manabii, wala kwa uzuri wa sura ambao kila mtu aliuona. Alitaja mambo mawili tu ambayo kazi ile iliyahitaji, na ulinzi wa amana akautanguliza mbele ya ujuzi.

Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan hakusema hata hayo. Aliwanyweshea wanawake wawili mifugo yao, akaenda kivulini. Mmoja wa wale mabinti ndiye aliyemwambia baba yake amwajiri, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Shahidi alikuwapo, Musa hakuwa na haja ya kujisemea.

Unaona, ndugu yangu, jambo hili linakaa wapi? Jina la fundi ni ushahidi, na ushahidi wa asili ni wa wale walioiona kazi. Abu Dawud amepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba mtu anayetibu watu naye hakujulikana kwa utabibu, basi madhara yatakayotokea ni juu yake. Tazama vizuri: sharia yenyewe inamtaka tabibu awe *anajulikana*, na wanachuoni wamewapima mafundi wengine kwa kipimo hicho. Kujulikana, basi, si anasa. Ni ulinzi wa mgonjwa, na wa mwenye nyumba. Imepokewa kuwa Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 179 H. (795), alisema hakutoa fatwa mpaka watu sabini waliposhuhudia kuwa anaifaa kazi hiyo. Na imepokewa pia kuwa aliulizwa maswali 48, akajibu "sijui" katika 32. Mtu wa leo angedhani jina lake lingeanguka siku hiyo. Madhehebu yake inafuatwa na wengi Afrika ya magharibi na kaskazini.

Kwa hiyo aliyeshuhudiwa anaweza kuutaja ushahidi huo kwa wasioujua, bila kuuongeza. Akiongeza, ametoa ushahidi wa uongo, nanyi mnajua Mtume (S.A.W.) aliuhesabu na madhambi makubwa. Na sisi wa msikitini tusijitoe. Mara ngapi kadi ya harusi imetuandika "Sheikh Mkubwa" nasi tukanyamaza, maana inapendeza?

Inabaki ile hofu ya kijana, na ni hofu ya kweli. Imamu Ghazali aliwekwa kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad mwaka 1091, na wanafunzi wake walikuwa karibu 300. Yeye mwenyewe ameeleza katika Al-Munqidh kuwa alipoichunguza nia yake aliona kinachomsukuma ni cheo na kuenea kwa sifa. Ulimi ukafunga, akashindwa kusema mbele ya wanafunzi. Mwaka 1095 aliacha yote akaondoka. Wengi wanaipenda hadithi hii wanaishia hapo. Lakini mwaka 1106 Ghazali alirudi kufundisha, huko Nishapur. Elimu ilikuwa haimruhusu kujificha daima. Kilichobadilika ni nia yake.

Nayo nia haionekani ukutani. Ghazali katika Ihya anampa mhubiri kipimo: akitokea mwingine aliye bora kuliko yeye, watu wakamwendea huyo, je, anafurahi au moyo unamuuma? Nakipeleka kipimo hicho kwa fundi. Siku mteja wako anapokwenda kwa mwenzako anayeijua kazi kukupita, na nyumba ikawa salama, unasemaje moyoni? Hakika moyo utauma kidogo, watoto wanataka kula. Lakini ukiuma hata kutaka taa za mwenzako zizime, hapo kibao chako kimekwisha kuwa sanamu.

Kijana alirudi Ijumaa iliyofuata, tukakaa barazani na kipande cha karatasi. Tuliandika jina lake, kisha "fundi wa umeme wa nyumba", kisha jina la mzee aliyemfundisha, ambaye alikubali, na namba ya telefoni. Neno "injenia" hakulitaka mwenyewe. Akauliza kama tuongeze na umeme wa jua, maana siku hizi ndio unaotafutwa na watu. Nikamuuliza amekwisha kufunga nyumba ngapi. Akasema moja, ya mjomba wake.

Hatukuuandika.

Wallahu aalam.