Amana Mbili: Mti wa Kilwa na Salamanda wa Mexico

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii wamebainisha, katika mlango wa wadia, ya kwamba aliyewekewa amana ya mnyama akaacha kumlisha hata akafa, yampasa kulipa. Na ya kwamba kila amana huhifadhiwa mahali panapostahili mfano wake. Basi enyi ndugu, zitazameni amana mbili hizi.

Ya kwanza ni salamanda aitwaye aksolotli, mnyama wa majini mwenye miguu minne na ngozi laini, ambaye akikatika mguu huota mwingine kwa kudra ya Mola wake. Makao yake ya asili ni mifereji ya Xochimilco, katika jiji la Mexico. Mwaka 1998 wataalamu walikisia 6,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 wakakisia 36. Maji yamechafuka, na samaki wa kigeni walioletwa kuwa kitoweo humla mayai na watoto. Miongoni mwao ni perege, ambaye asili yake ni Afrika. Walakini katika vyombo vya vioo, Ulaya na Marekani, salamanda huyu yumo kwa maelfu.

Ya pili i karibu nanyi. Ni mti mrefu wa mwituni, wataalamu huuita Karomia gigas. Ulijulikana pwani ya Kenya mwaka 1977, kisha ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Kilwa. Baadaye ukadhaniwa umekwisha, hata mwaka 2011 ikapatikana michache huko huko Kilwa. Mbegu zake nyingi huharibiwa na ukungu. Mwaka 2018 zilipelekwa nyingine Marekani, zikaota chache.

Mtu atasema aliye hatarini zaidi ni salamanda, kwa kuwa sifa yake imeenea. Sivyo. Yeye akifa wa mwisho Xochimilco, uzao utabaki, ijapokuwa chombo cha kioo si mahali pa mfano wake. Mti wa Kilwa hauna akiba hiyo, na mwenye shoka hata hajui akatacho. Wala asijitetee kwa kutojua: kutojua humwondolea mtu dhambi, hakumwondolei dhamana ya alichokiharibu.

Basi wakata boriti na wachoma makaa wa Kilwa, wakiukuta mti mrefu ambao wazee hawaujui jina, wauache usimame hata aulizwe bwana misitu.